Maswali ya Wasomaji: Bunge Lililochaguliwa Kabla ya Jimbo Kuzaliwa

Katika toleo lililopita tulitaja kwa kupita tu kwamba Telangana, lililokuwa jimbo la 29 la India wakati huo, lilianza maisha yake mwezi Juni 2014. Mstari huo mmoja umetuletea barua nyingi kuliko makala nzima iliyouzunguka, na baadhi ya barua hizo zinahitaji majibu marefu kuliko tulivyozoea kutoa. Kabla ya kuanza, tuelewane kwanza kuhusu lugha. Neno "jimbo" lina maana mbili, na katika habari hii zote mbili zinakutana. Hapa tutalitumia kwa sehemu ya shirikisho yenye serikali yake na bunge lake, ilhali eneo linalochagua mbunge mmoja tutaliita eneo bunge.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa somo la uraia. Vitabu nilivyo navyo vinasema Telangana ilizaliwa tarehe 2 Juni 2014, na vitabu hivyohivyo vinasema uchaguzi wake wa kwanza wa bunge ulifanyika tarehe 30 Aprili 2014. Wanafunzi wangu wananiuliza mtoto aliwezaje kugawiwa shamba kabla ya kutoka tumboni. Je, ni kosa la uchapaji?

JIBU: Hakuna kosa, Mwalimu; tarehe zako zote mbili ni sahihi. Wanafunzi wako wameshika mahali penyewe, kwa sababu siku wananchi wa Telangana walipopanga foleni kupiga kura, jimbo hilo lilikuwepo katika sheria iliyokwisha kutiwa saini, lakini halikuwa na gavana, serikali wala mpaka unaofanya kazi. Kisheria siku hiyo kulikuwa na jimbo moja tu, Andhra Pradesh, ambalo Telangana ilikuwa bado sehemu yake, lenye bunge la viti 294.

Chanzo cha jambo hili ni Ibara ya 3 ya Katiba ya India, ambayo inalipa Bunge la Taifa uwezo wa kuunda jimbo jipya, kubadili mipaka au hata kubadili jina la jimbo kwa sheria ya kawaida inayopita kwa wingi wa kura. Bunge la jimbo linalotaka kukatwa huulizwa maoni yake, lakini maoni hayo hayamfungi mtu. Ndivyo ilivyotokea hapa: tarehe 30 Januari 2014 Bunge la Andhra Pradesh liliukataa muswada wa kuligawa jimbo, na muswada ukaendelea na safari yake kwenda Delhi, kwenye Bunge la Taifa, kana kwamba hakuna lililosemwa. Huko nako haukupita kwa utulivu. Tarehe 13 Februari mbunge mmoja aliyepinga mgawanyo alipuliza dawa ya pilipili ndani ya ukumbi, na wenzake kadhaa wakapelekwa hospitali wakiwa wanakohoa na kutokwa machozi. Siku tano baadaye Lok Sabha, yaani baraza linalochaguliwa moja kwa moja na wananchi, liliupitisha muswada huku matangazo ya televisheni kutoka ukumbini yakiwa yamekatika. Tarehe 20 Februari baraza la juu likafuata, na tarehe 1 Machi Rais akauridhia.

Sasa angalia kalenda. Muda wa bunge lililokuwepo la Andhra Pradesh ulikuwa unamalizika tarehe 2 Juni 2014, na uchaguzi mkuu wa taifa zima ulikuwa tayari umekaribia, ukianza Aprili na kumalizika Mei. Uchaguzi wa bunge la jimbo usingeweza kuahirishwa hadi mgawanyo ukamilike, na kuufanya kisha kuurudia baada ya miezi michache ingekuwa gharama isiyo na maana. Ufumbuzi ulikuwa mwepesi kuliko unavyoonekana. Uchaguzi ulifanyika kwa maeneo bunge yote 294, lakini kwa awamu mbili zilizofuata mpaka ujao: maeneo bunge 119 ya upande wa Telangana yalipiga kura tarehe 30 Aprili, na 175 ya upande wa pili tarehe 7 Mei. Kura zote zilihesabiwa tarehe 16 Mei pamoja na za taifa zima. Ilipofika tarehe 2 Juni, siku iliyotajwa kuwa siku ya mgawanyo, wale 119 walihesabika kuwa Bunge la Telangana na wale 175 wakawa Bunge la Andhra Pradesh iliyobaki. Asubuhi hiyohiyo K. Chandrashekar Rao, ambaye karibu kila mtu humwita KCR, aliapishwa kuwa Waziri Kiongozi wa kwanza, yaani mkuu wa serikali ya jimbo, pamoja na mawaziri 11.

Kuna kisa kimoja ambacho nadhani wanafunzi wako watakipenda. Mwishoni mwa Mei, baada ya kura kuhesabiwa na kabla ya jimbo kuzaliwa, serikali mpya ya Delhi ilitoa amri ya kuhamishia Andhra Pradesh tarafa 7 za wilaya ya Khammam, kwa sababu zilikuwa katika eneo litakalofunikwa na maji ya bwawa la Polavaram kwenye mto Godavari. Wakazi wa tarafa hizo walikuwa wamepiga kura tarehe 30 Aprili pamoja na Telangana. Kwa hiyo walisaidia kuchagua bunge la jimbo ambalo hawakupata kuwa raia wake hata kidogo.

SWALI: Mhariri, ninavyoelewa, chama cha Congress ndicho kilichokuwa madarakani Delhi na ndicho kilichopitisha sheria ya kuiunda Telangana. Inakuwaje wananchi wale wale waliopewa jimbo wakampa kura mtu mwingine miezi miwili tu baadaye? Je, hiyo si kukosa shukrani?

JIBU: Swali hili limekuja katika barua nne tofauti, na tatu kati yake zinatumia neno hilohilo, shukrani. Kwa maoni yangu neno hilo ndilo linalopotosha. Shukrani hupewa mtu aliyetoa kilicho chake, na Watelangana walio wengi hawakuamini kwamba jimbo lilikuwa mali ya Congress ya kugawa. Waliamini ni haki yao iliyocheleweshwa tangu mwaka 1956.

Mwaka huo, tarehe 1 Novemba, maeneo yanayozungumza Kitelugu ya iliyokuwa milki ya Nizam, yaani mtawala wa kifalme, wa Hyderabad yaliunganishwa na jimbo la Andhra ili kuunda Andhra Pradesh. Lugha ilikuwa moja, lakini historia haikuwa moja: upande wa pwani ulikuwa umetawaliwa na Waingereza, ulikuwa na mifereji ya umwagiliaji na shule nyingi, wakati ndani kulikuwa kumetawaliwa na Nizam na wenye mashamba makubwa. Viongozi wa pande mbili walikubaliana kabla ya muungano kwamba Telangana ingelindwa katika matumizi ya mapato yake na katika nafasi za kazi serikalini. Malalamiko kwamba makubaliano hayo yalivunjwa ndiyo yaliyobeba harakati kwa zaidi ya nusu karne, na yalifupishwa katika maneno matatu ambayo kwa Kitelugu yanaanza kwa sauti moja: maji, fedha na ajira.

Hapa kuna jambo ambalo mtu asipolijua hawezi kuelewa matokeo ya mwaka 2014. Mwaka 1969 wanafunzi waliongoza maandamano makubwa ya kudai jimbo, na watu wengi wakauawa kwa risasi za polisi. Chama kilichotokana na maandamano hayo, Telangana Praja Samithi, kilishinda viti 10 kati ya 14 vya eneo hilo katika uchaguzi wa taifa wa mwaka 1971. Huo ulikuwa ushindi ambao mtu angedhani haupingiki. Miezi michache baadaye chama chenyewe kikajiunga na Congress, dai la jimbo likazimwa, na kiongozi wake, Marri Chenna Reddy, akaja kuwa Waziri Kiongozi wa Andhra Pradesh ileile aliyotaka igawanywe. Wazee waliopiga kura mwaka 2014 walikuwa wamekishuhudia kisa hicho kwa macho yao.

KCR alikiunda chama chake, Telangana Rashtra Samithi au TRS, mwezi Aprili 2001. Safari yake haikuwa ya ushindi mtupu, na wanaomsimulia leo kama shujaa asiyeshindwa wanasahau mwaka 2009. Mwaka 2004 aliungana na Congress akapata viti 26 vya bunge la jimbo. Mwaka 2009 akageuka na kuungana na Telugu Desam, wapinzani wakubwa wa Congress, akaambulia viti 10. Chama kilikuwa kimeanza kuonekana kama duka linalobadili mwenye nyumba kila msimu. Kilichomwinua ni mfungo wa kudai jimbo alioanza mwishoni mwa Novemba 2009, miezi michache baada ya Waziri Kiongozi mwenye nguvu, Y.S. Rajasekhara Reddy, kufa katika ajali ya helikopta na kuacha pengo kubwa. Katika sehemu hizo kufunga hadi kufa si tishio la maneno tu: jimbo la Andhra lenyewe liliundwa mwaka 1953 baada ya Potti Sriramulu kufunga hadi akafariki mwezi Desemba 1952. Serikali ya Delhi ilikumbuka hayo, na usiku wa tarehe 9 Desemba 2009 ikatangaza kwamba mchakato wa kuunda Telangana ungeanzishwa.

Halafu Congress ikafanya kosa ambalo nadhani liliigharimu kuliko jingine lolote. Wabunge wa pwani walipojiuzulu kwa wingi kupinga, serikali ilirudi nyuma katika muda wa wiki mbili, ikaunda kamati, na ikakaa na suala hilo kwa miaka minne mingine iliyojaa migomo, vyuo vilivyofungwa na vijana waliojiua kwa ajili ya jimbo. Uamuzi wa mwisho ulipotoka Julai 2013 ulionekana kama deni lililolipwa na mtu aliyekimbizwa na mdai hadi uvunguni. Upande wa pili wa mpaka uamuzi huohuo ulionekana kama usaliti. Matokeo yake ni kwamba Congress ilipata viti 21 tu Telangana, na katika Andhra Pradesh iliyobaki, ambako ilikuwa imetawala kwa miaka 10 mfululizo, haikupata hata kiti kimoja kati ya 175.

Congress ilikuwa na tumaini moja, nalo ni kwamba TRS ingejiunga nayo baada ya sheria kupita, kwa kuwa KCR alikuwa ameashiria hivyo siku za nyuma. Mapema Machi 2014 alikataa. Alihubiri kwamba jimbo jipya linahitaji chama chake lenyewe kisichopokea amri kutoka Delhi, na kila aliyekumbuka mwaka 1971 alielewa anachosema. TRS ilipata viti 63, vitatu zaidi ya 60 vinavyohitajika kuunda serikali, kwa takriban asilimia 34 ya kura zote. Ukisoma takwimu hiyo polepole utaona kwamba wapiga kura wawili kati ya watatu hawakumpigia mtu aliyeitwa baba wa jimbo. Ni mgawanyiko wa wapinzani uliomsaidia, pamoja na utaratibu unaompa kiti yeyote anayeongoza katika eneo bunge lake hata kama hajafikia nusu.

Ramani ya ushindi nayo inasema mengi. Kaskazini, ambako harakati zilikuwa na mizizi, TRS ilifagia: huko Nizamabad ilichukua viti vyote 9, na huko Karimnagar 12 kati ya 13. Katika jiji la Hyderabad, lenye wakazi wengi waliotoka pwani, haikufua dafu. Huko viti karibu vyote viligawanywa kati ya Telugu Desam na mshirika wake, chama cha BJP, ambacho viti vyake vyote 5 vilitoka jijini, na Majlis-e-Ittehadul Muslimeen, chama chenye ngome katika mji wa kale, kilichopata 7. Khammam, iliyo jirani na mpaka, ilikipa viti 3 chama cha YSR Congress, chama cha pwani kilichokuwa kimepinga mgawanyo.

SWALI: Je, ni kawaida chama cha harakati kushinda uchaguzi wa kwanza wa jimbo jipya? Nimesikia kwamba India iliunda majimbo mengine matatu mwaka 2000.

JIBU: Si kawaida hata kidogo, na ndiyo maana Telangana inavutia. Mwezi Novemba 2000 zilizaliwa Chhattisgarh, Uttaranchal na Jharkhand, zote chini ya serikali ya BJP iliyoongozwa na Atal Bihari Vajpayee. Huko mtoto alizaliwa kwanza na uchaguzi ukafuata baadaye sana. Bunge la muda liliundwa kwa kuwachukua wabunge waliokwisha kuchaguliwa katika jimbo mama, na aliyekuwa na wengi miongoni mwao ndiye aliyeunda serikali, hata kama hakuna mpiga kura aliyemchagua kwa kazi hiyo.

Tuitazame Uttaranchal, iliyobadilishwa jina kuwa Uttarakhand mwaka 2007. Chama cha harakati, Uttarakhand Kranti Dal, kilikuwa kimelidai jimbo la milimani tangu mwaka 1979. Jimbo lilipokuja, BJP ndiyo iliyoshika serikali ya muda, ikabadilisha Waziri Kiongozi katika muda usiofika mwaka mmoja, na watu wakapata miezi 15 ya kuanza kulalamikia barabara, ajira na mahali pa makao makuu. Uchaguzi ulipofanyika tarehe 14 Februari 2002, suala la jimbo lilikuwa limekwisha kuliwa na kumeng'enywa. Congress ilishinda viti 36 kati ya 70, idadi ileile iliyohitajika na si zaidi. BJP, iliyolileta jimbo, ikapata 19. Na chama cha harakati kikaambulia 4. Kejeli ya mambo ni kwamba Waziri Kiongozi aliyetokana na uchaguzi huo, N.D. Tiwari, alikuwa amewahi kuipinga waziwazi fikra ya kuigawa Uttar Pradesh, jimbo mama ambalo aliwahi kuliongoza mara tatu.

Jharkhand ilisubiri zaidi ya miaka minne. Katika uchaguzi wake wa kwanza, Februari 2005, Jharkhand Mukti Morcha, chama kilichopigania jimbo kwa miongo mitatu, kilipata viti 17 kati ya 81, na BJP 30. Gavana alimwapisha kiongozi wa Morcha, Shibu Soren, ingawa hesabu ya viti ilikuwa na shaka. Mahakama ya Juu ya India ikaingilia kati kuhusu kura ya imani, na baada ya siku chache Soren akajiuzulu. Chhattisgarh haikuwa na chama cha harakati chenye nguvu ya kufananishwa na hivyo. Congress ilirithi serikali kutokana na wabunge waliochaguliwa katika jimbo mama, Madhya Pradesh, ikatawala kwa miaka mitatu, na Desemba 2003 BJP ikaiangusha kwa viti 50 dhidi ya 37.

Ukiziweka habari hizi pamoja, naona kilichoipa TRS ushindi ni kalenda kwa kiasi kikubwa kuliko wanavyokiri wafuasi wake. Wapiga kura wa Telangana waliulizwa swali la nani alilipigania jimbo wakati jibu lilikuwa bado la moto midomoni mwao. Wale wa Dehradun na Ranchi, miji mikuu ya Uttarakhand na Jharkhand, waliulizwa wakiwa tayari na serikali ya kuilaumu. Msomaji anaweza kunipinga kwa kusema kwamba chama cha Uttarakhand kilikuwa kimeporwa ajenda yake na BJP tangu miaka ya 1990, na pingamizi hilo lina uzito. Lakini hata hivyo sioni jinsi TRS ingepata viti 63 kama ingelazimika kusubiri miezi 15 ikiwa nje ya serikali ya muda.

SWALI: Hyderabad ilikuwa ya nani siku ya uchaguzi?

JIBU: Siku ya uchaguzi ilikuwa bado ya Andhra Pradesh nzima. Kuanzia tarehe 2 Juni 2014 ikawa ndani ya Telangana, lakini sheria iliifanya kuwa makao makuu ya pamoja ya majimbo mawili kwa muda usiozidi miaka 10. Wakazi wake walipiga kura ya Telangana tu. Muda huo ulimalizika tarehe 2 Juni 2024.

SWALI: Mhariri, umeandika kwamba TRS ilikuwa na viti vitatu tu juu ya nusu. Serikali ya namna hiyo ilidumu vipi?

JIBU: Ilidumu kwa kuongeza wabunge bila uchaguzi. India ina kifungu cha Katiba kinachomnyang'anya kiti mbunge anayehama chama, isipokuwa pale theluthi mbili ya wabunge wa chama wanapokubali kuungana na chama kingine. Spika ndiye anayeamua, na kwa kawaida Spika anatoka chama tawala na hana haraka. Telugu Desam ilianza na wabunge 15 Telangana; kufikia mwaka 2016, 12 kati yao walikuwa wamehesabiwa upande wa TRS. Congress, iliyokuwa upinzani rasmi chini ya K. Jana Reddy, nayo ilipukutika polepole. Haya yote yalifanywa kwa jina la kuliimarisha jimbo changa, na mimi sikuwahi kushawishika na sababu hiyo: jimbo changa linahitaji upinzani kama linavyohitaji serikali. Wapo waliokumbusha pia, na kwa haki, kwamba KCR aliwahi kuahidi kuwa Waziri Kiongozi wa kwanza angetoka katika jamii ya Wadaliti, waliowekwa chini kabisa katika mfumo wa matabaka, na kwamba baraza lake la kwanza la mawaziri halikuwa na mwanamke hata mmoja.

Hata hivyo wapiga kura hawakumwadhibu mapema. Alivunja bunge Septemba 2018, miezi kadhaa kabla ya muda wake, na Desemba mwaka huo akarudi na viti 88. Mwaka 2023, chama kikiwa kimebadili jina na kuitwa Bharat Rashtra Samithi, kilishuka hadi viti 39, na Congress, ikiwa na 64, ikaunda serikali kwa mara ya kwanza katika jimbo ililolipitishia sheria karibu miaka 10 nyuma. Waziri Kiongozi wake, A. Revanth Reddy, aliingia katika lile bunge la kwanza la mwaka 2014 kwa tiketi ya Telugu Desam, na alikuwa mmoja wa wale watatu waliobaki pale wenzao 12 walipovuka upande wa pili.